Picha tatu za mwisho wa mkanda

Vijana wangu, juzi mmoja wenu alinifuata nyumbani hapa Njombe na kamera ya mkanda aliyoinunua mtandaoni. Kuukuu, ngozi imebanduka, lenzi imeota ukungu kwa ndani. Akaniambia picha za mkanda zimerudi kuwa fahari huko mijini, na wapo wanaozilipia kuliko za dijitali. Alitaka kujua mambo mawili: mkanda unapachikwaje, na kati ya mkanda na dijitali ipi ilikuwa na gharama zaidi. La kwanza nilimwonyesha palepale, ingawa vidole vyangu siku hizi vinatetemeka. La pili nilimwambia nitaliandika, kwa sababu nilijua nikianza kulisema kwa mdomo sitalimaliza.

Najua mnaniita Mzee Mkanda. Sijachukia, jina lenyewe nimelifanyia kazi. Ila msije mkadhani nimekaa hapa kuusifu mkanda na kuwacheka ninyi wa simu. Mkanda sina hamu nao. Nitawaeleza kwa nini, na majina ya watoto nimeyabadilisha, kijiji pia sikitaji. Mkifika mwisho mtaona sababu.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo mnayoipenda. Kabla ya miaka ya ruksa mkanda ulikuwa unatafutwa kama dawa. Maduka yalikuwa na rafu tu. Ruksa ilipokuja na biashara ikafunguliwa, wafanyabiashara wa Makambako walianza kuushusha kwenye malori pamoja na mitumba na redio, katoni kwa katoni. Mkanda mmoja ulitoa picha thelathini na sita. Kuna kuununua, kuna kumpa kondakta wa basi bahasha aipeleke Iringa kusafishwa, kuna kulipa waliosafisha, kuna kungoja basi lirudi. Na mkanda haupelekwi nusu. Ukipiga picha kumi leo, unangoja mpaka zile ishirini na sita zipate wenyewe, na mteja wako anangoja pamoja na wewe. Mtu wa Makete angeweza kupigwa picha kabla ya Pasaka akaiona karibu na Krismasi, tena akashukuru.

Ukiugawa mkanda kwa thelathini na sita, kila picha moja, kabla haijasafishwa, ilikuwa kama bei ya andazi. Lishikeni hilo andazi, tutalirudia.

Kazi nilifundishwa na Mzee Shabani, mtu wa Kondoa aliyeingia Makambako akiwa tingo wa lori, akaugua malaria, lori likamwacha, akafungua studio. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja karibu na stendi, na nyuma ya kiti amechora ndege ya abiria na maua. Kila aliyepigwa picha pale alikuwa kama anasafiri. Alinifundisha kwamba baridi ya kwetu inaua betri, kwa hiyo ukienda Makete betri zinakaa kwapani mpaka dakika ya kupiga. Alinifundisha nisiingize kamera jikoni ghafla nikitoka kwenye ukungu, maana lenzi inatoka jasho. Unaiacha ndani ya koti, unakunywa chai kwanza, unaitoa ikiwa imezoea. Alinifundisha kuuangalia mkanda tarehe yake, jambo ambalo nililipuuza mara moja tu. Nilinunua mikanda ya bei ya kutupa kwa mchuuzi, nikapiga arusi, bibi arusi akatoka wa kijani kuanzia shela mpaka viatu. Mama mkwe aliitazama picha ile, akaniuliza kama binti ana ugonjwa. Miaka ile swali hilo halikuwa la mzaha, na nililipia picha zote upya.

Alinifundisha pia picha hewa.

Ninyi hamuijui, ngojeni niwaeleze. Flashi zetu zilikuwa zinachomekwa juu ya kamera, na nyuma zilikuwa na kitufe kidogo cha kujaribia. Ukikibonyeza, mwanga unawaka wenyewe, kamera haijui lolote, mkanda hausogei. Sasa unashika kamera kama kawaida, unafumba jicho moja, unasema tabasamuni, dole gumba linabonyeza kitufe, na ukucha wa mkono wa pili unagonga plastiki ya kamera itoe sauti ya kufyatua. Watoto waliotuzunguka sokoni wakipiga kelele tuwapige, tuliwapiga hewa, wakaondoka na furaha. Walevi vilevile. Mzee Shabani alisema mlevi umpige hewa mara mbili, maana moja atasema hakuwa tayari.

Kuna mmoja tulimpiga hewa kwenye kilabu cha ulanzi, amemkumbatia mbuzi wake. Baada ya wiki mbili akatokea studio hajanywa, amenyoa ndevu, hela ipo mkononi kamili. Anasema amekuja kuchukua picha yake na mbuzi. Mimi nilijificha nyuma ya pazia nacheka mpaka machozi. Mzee Shabani hakucheka. Alimwangalia kwa huzuni kabisa, akasema:

"Pole, ndugu yangu. Mkanda uliungua."

Yule bwana akatuonea huruma. Akaenda kwa mama ntilie akatuletea chai na chapati, atupoze kwa hasara tuliyoipata. Basi nikajifunza yote mawili siku moja, picha hewa na uongo wake wa kuisindikiza. Kuungua kwenyewe kupo kweli, mkanda ukiingia mwanga unakuwa mweusi wote, kwa hiyo hakuna wa kukubishia.

Nilipoanza kujitegemea nilihamia Njombe, na kazi yangu kubwa ikawa vijijini, Makete hasa. Wapo miongoni mwenu waliozaliwa baadaye na wanaozijua habari za ule ugonjwa kwa kusimuliwa tu. Mimi nilizipitia na kamera shingoni. Watu walikuwa wanazikwa. Vijana, wale wa kulima na kuzaa, ndio waliokuwa wanazikwa, na wazee wanabaki na wajukuu. Familia nyingi zilikuwa hazijawahi kumwita mpiga picha mpaka siku ya jeneza. Nilipiga wajane na jeneza, ukoo na jeneza, watoto wamepangwa kwa urefu mbele ya jeneza. Nilikula kwa misiba, sioni faida ya kuficha.

Mwezi wa nne wa mwaka mmoja nilikuwa kule siku nne, na mikanda miwili. Wa kwanza uliisha kwenye arusi. Wa pili nusura uishe kwenye kipaimara, nikabaki na picha tatu. Nilizihesabu mara nyingi kwenye kile kidirisha cha namba cha kamera, thelathini na tatu, zimebaki tatu. Na keshokutwa yake nilikuwa na mazishi kijiji cha pili, nimeshalipwa kabla: moja ya mjane na jeneza, moja ya ukoo, moja kaburini. Tatu kamili.

Asubuhi baada ya kipaimara nilikuwa napita kijiji kimoja, kama mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Bulongwa. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, jua linapenya. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, amejifunika blanketi, akaniita.

"Kaka mpiga picha. Kaka, simama kidogo."

Nikasimama. Akaliondoa blanketi. Chini yake alikuwa amevaa gauni la kanisani lenye kola ya lesi, ila gauni lilikuwa limemzidi mabega, na mifupa ya shingo ilionekana yote. Sikuhitaji kuuliza. Akaita ndani, akatoka binti wa miaka kama mitano, amechanwa nywele na kupakwa mafuta, amebeba mdogo wake wa kiume anayekaribia mwaka. Binti nitamwita Ezelina. Mdogo nitamwita Festo.

"Nimesikia jana uko kipaimara," yule mama akasema. "Nikasema lazima atapita hapa. Tumejiandaa tangu alfajiri. Wanangu hawana picha na mimi hata moja."

Nikamuuliza atalipa lini. Ndiyo, nilimuuliza hivyo.

"Ukirudi kuleta za wenzetu. Bibi yao atakuwa ameuza viazi."

Hakusema atakuwa ameuza yeye. Alisema bibi yao, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayempangia mgeni mahali pa kulala. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu. Nikimpa moja, kesho mazishini nitapungukiwa, na wale wamelipa. Huyu hajalipa, na nikirudi pengine hata nyumba nitaikuta imefungwa. Hayo niliyafikiri nikiwa namtabasamia.

"Kaeni vizuri," nikasema.

Akampakata Festo. Akamvuta Ezelina ubavuni akamshika mkono. Akamwambia, "Usipepese macho. Ukipepesa utatoka umelala." Mtoto akayatoa macho kama mtu anayetazama kisimani. Nikabonyeza kitufe, nikagonga ukucha. Mwanga ukawaka.

"Imetoka?" mama akauliza.

"Imetoka safi."

"Tupige na ya pili, kaka, isije ile ikaharibika."

Nikawapiga na ya pili. Hewa vilevile. Akanishukuru, akamtuma Ezelina aniletee viazi viwili vya kuchemsha nile njiani, nikavila njiani.

Kesho yake mazishini nilipiga mjane na jeneza, nikapiga ukoo. Tulipofika kaburini mvua ikamwagika, msemaji wa familia akaniambia mbili zinatosha, tuwahi kuzika. Kwa hiyo ikabaki moja. Wakati wa kurudi nilipita njia ya chini ya kile kijiji. Ningepanda kilima robo saa tu ningefika. Nilikuwa nimelowa, pikapu ya Njombe ilikuwa inaondoka, na moyoni nilijiambia mgonjwa hatatoka nje kwenye mvua hii. Hayo yalikuwa maneno ya kujipa ruhusa, kwa sababu ningeweza kumpiga ndani, flashi nilikuwa nayo.

Nyumbani Njombe nilitaka mkanda uondoke na basi la asubuhi, na ile picha moja ilikuwa inauzuia. Sisi wa mkanda tulikuwa na desturi hiyo, picha ya mwisho unapiga chochote ili mkanda uishe, ukuta, baiskeli, mguu wako. Nikaingia jikoni. Birika lilikuwa juu ya jiko la mkaa, mvuke unatoka. Nikalipiga birika, mkanda ukalia kuashiria umekwisha, nikaurudisha kwenye kikopo chake.

Bibi yao alikuja mwezi wa nane. Alishuka stendi ya Njombe na gunia dogo la viazi kichwani, akauliza watu mpaka akanipata. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, Kikinga ndiyo lugha yake, lakini tulielewana. Mwanaye alikuwa amezikwa miezi miwili kabla. Akatoa kitambaa chenye fundo, akakiweka mezani.

"Mama yao amesema umewapiga mbili."

Nilikuwa na muda wa kusema kweli. Mdomo ukafunguka, ukatoka uongo niliofundishwa Makambako.

"Pole, bibi. Mkanda uliungua."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

 Kisha akachukua kitambaa chake na fundo lake.

"Pole na wewe, mwanangu," akasema. "Na wewe umepata hasara."

Viazi akaniachia, alisema hana nguvu ya kurudi navyo. Mke wangu alivipika wiki nzima, watoto wakavisifu kwamba ni vya unga. Nilijiona mwizi, na haikuwa kwa sababu ya viazi. Tangu siku ile sikupiga hewa tena, hata kwa mlevi, lakini msinipongeze, maana aliyehitaji niache alikuwa ameshalala kaburini.

Sasa tuje kwenye dijitali. Iliingia kwetu wakati simu za mkononi nazo zinaingia. Kijana mmoja Makambako alitokea na kamera na kichapishio kidogo, anapiga watu stendi na kuwapa picha kabla basi halijaondoka. Wateja wangu wote wakamhamia. Nikauza kipande cha shamba langu la miti, misindano iliyokuwa imebakiza miaka michache tu ikomae, nikanunua kamera ya dijitali kwa mfanyabiashara aliyezitoa Dubai. Mke wangu alisema nimebadilisha msitu kwa kitu kinachoingia mfukoni. Hakukosea. Kisha nikagundua kamera ni mwanzo tu. Betri zilikuwa zinaisha kabla mchungaji hajamaliza mahubiri. Wino wa kichapishio ulikuwa ghali kuliko uwanja wa makaburi. Ikaja kompyuta, ikaja na virusi, vikala picha za mahafali mazima. Mkanda ulikuwa unanidai kidogo kidogo kila wiki, dijitali ilinidai msitu wote kwa mkupuo.

Lakini kupiga kulikuwa bure. Hilo ndilo lililonifurahisha mpaka nikawa kama mtoto. Nilimpiga kila aliyesimama mbele yangu, awe na hela asiwe nayo. Wazee waliokuwa wanapita niliwapiga, wagonjwa niliwapiga, nikawaonyesha hapohapo nyuma ya kamera. Nikadhani nimetubu. Halafu kadi ikajaa. Kadi ya siku zile ilikuwa ndogo, na arusi ikija unafuta waliopo. Nani anafutwa? Asiyekuja kuchukua picha yake. Nikajikuta narudi palepale, nachagua nani ana thamani ya andazi, tofauti ni kwamba sasa nilikuwa nawatoa baada ya kuwaingiza. Ninyi mnafanya hivyo kila jioni kwa kidole na hamsikii kitu.

Ezelina alikuja wakati huo. Sikumtambua. Binti wa sekondari, sweta ya shule, aliomba picha za pasipoti. Nikampiga, nikampa, akalipa, akabaki amesimama.

"Shikamoo tena, baba," akasema. "Wewe ndiye uliyetupiga picha nyumbani, mama akiwa hai."

Akakitaja kijiji. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Bibi alituambia mkanda uliungua. Sasa shuleni mwalimu wetu wa kompyuta anasema siku hizi zipo mashine, mkanda hata uwe umeungua vipi, wanaweza kuivuta picha iliyomo. Nimekuja kuuomba huo mkanda. Nauli ya kuupeleka ninayo, nilifanya kazi ya kuchuma chai likizo."

"Ni zamani sana, mwanangu."

"Bibi alisema wewe huwa hutupi mikanda."

Kweli huwa situpi. Chini ya meza nilikuwa na kopo la biskuti limejaa negativu, na ndani yake mkanda mmoja ulioungua kweli, kifuniko cha kamera kilifunguka safarini. Nililitoa lile kopo ili nipate muda wa kufikiri. Nikautazama uso wake. Alikuwa ameyatoa macho vilevile, kama siku ile alipoambiwa asipepese. Na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikachukua mkasi, nikakata kipande cha ule mkanda mweusi, nikakitia kwenye bahasha, nikampa.

"Ni hiki," nikasema. "Ila usiweke matumaini sana."

Nikamrudishia na hela ya pasipoti. Jioni hiyo nilijisikia nafuu, nikajiambia kwamba angalau ana kitu cha kushika. Nilijua mafundi watashindwa, na nilijua kushindwa kwao kutanifunika daima.

Alizunguka nacho karibu miaka miwili. Alikipeleka Iringa wakashindwa. Alikipeleka Mbeya kwa mtu aliyemwelekeza mwingine, naye akashindwa. Alipopata nafasi ya chuo Dar es Salaam alikwenda nacho huko, akampata fundi mwenye mashine nzuri na moyo wa subira. Yote hayo nilikuja kuyajua siku aliporudi.

Siku hiyo hakuomba pasipoti. Alisubiri mteja wangu atoke, akafunga mlango, akaweka juu ya meza ile bahasha, na karatasi moja kubwa iliyochapwa. Karatasi ilikuwa ya kijivu, kama ukungu wa asubuhi. Ila ukiitazama kwa makini, katikati ya ukungu kulikuwa na miguu. Miguu mingi, imevaa soksi ndefu, waliosimama nyuma na waliochuchumaa mbele, na chini katikati kitu cha mviringo.

Fundi alikuwa amefaulu.

"Baba," Ezelina akasema, "mama yangu hakuwahi kucheza mpira."

Sikuwa na uongo mwingine. Mzee Shabani alikuwa ameshafariki, na hata angekuwepo, hakuwahi kunifundisha wa kupita pale. Nikamwambia yote. Kitufe, ukucha, zile picha tatu, mazishi yaliyolipiwa, mvua, njia ya chini ya kilima. Nilisema nikiangalia meza. 

"Kwa hiyo ule mwanga," akasema nilipomaliza, "ulikuwa mwanga tu."

"Mwanga tu."

"Mara zote mbili."

"Mara zote mbili, mwanangu. Nisamehe."

 Alisema, "Mama simkumbuki sura. Nakumbuka mkono, ulivyonibana, na sauti inaniambia nisipepese. Na mwanga. Hayo tu ndiyo ninayo kwake." Kisha akauliza, "Moja iliyobaki, baada ya mvua, ulimpiga nani?"

Ningeweza kumwambia sikumbuki. Nikainuka, nikafungua albamu, nikamtolea. Iringa walikuwa wameisafisha vizuri, rangi zake hazijapauka mpaka leo. Birika la bati juu ya jiko, kishikio kimefungwa kitambaa, mvuke unaonekana mpaka uzi wa mwisho. Katika kazi yangu yote sina picha iliyotoka kali kama ile.

Ezelina akaishika kwa kingo, kama tunavyowafundisha mshike picha.  Nilisikia magari ya Songea yakipanda mlima, moja, jingine, na bado anaitazama. Kisha akairudisha kwenye albamu, akaifunga mwenyewe.

Akachukua ile bahasha yenye kipande cha mkanda, akaitia mkobani.

"Acha basi hicho kibaki," nikasema. "Cha nini tena?"

"Ni cha Festo," akasema. "Kinakaa ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Anakitoa anakiweka dirishani, anasema akikodoa macho sana anamwona mama, na yeye mwenyewe amepakatwa. Alinipa kwa shida nikakipeleke Dar. Nitamwambia bado wanajaribu."

"Na hii karatasi?"

"Hiyo baki nayo wewe."

Ninayo. Imelala ndani ya albamu, ukurasa mmoja na birika. Kijana uliyeniuliza gharama, ukija tena nitakuonyesha zote mbili, upige hesabu mwenyewe.

Festo sasa ni mtu mzima, fundi ujenzi huko Makambako. Dada yake alitimiza neno lake, hakumwambia. Mwaka juzi nilishuka stendi ya Makambako nibadili gari, nikamwona kijana mrefu mwenye saruji kwenye viatu anakuja moja kwa moja kwangu. Akainama, akanipa shikamoo kwa mikono miwili. Akajitaja, akakitaja kijiji, nikamjua kwa macho ya dada yake.

"Mzee, sijawahi kupata nafasi ya kukushukuru," akasema. "Kwa ile picha yangu na mama."

Nikamwambia karibu, mwanangu.